Neno la Kiswahili angani, na daftari langu la mvua

Zamu ya mwezi huu imenifikia mimi. Nilikuwa nimeahidi kuongea juu ya namna ya kuchagua mada ya TFC, na nitaongea. Ila nitachukua njia ndefu: nitatoka Kitshanga, nipite baharini Kenya, nipite Kinshasa na Shaba, halafu nirudi nyumbani. Anayejua barabara ya Sake mpaka Kitshanga wakati wa mvua hawezi kuogopa njia ndefu.

HERUFI MOJA

Wataalamu wa nyota wako na vitu vingi angani wanavyoviita kwa majina makavu kama namba za gari. Kimoja kinaitwa 4U 1700-37. Ukiuliza hiyo U ni ya nini, watakujibu: Uhuru. Si Kilatini, si Kiingereza, ni Kiswahili hiki hiki tunachoongea sokoni. Ile 4 maana yake ni orodha ya nne. Orodha hiyo iko na vyanzo 339 vya miale ya eks, na vilionwa na satelaiti moja yenye jina la Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la chuma lililosimama baharini, mbele ya kijiji cha Ngomeni, kaskazini mwa Malindi.

Mimi nilisoma habari hii nikiwa tayari nimemaliza masomo. Nilikasirika kidogo. Miaka yote kwenye oditwari, hakuna mtu aliyetuambia kwamba lugha yetu imeandikwa kwenye majina ya vitu vya angani. Lakini kilichonishika zaidi ni kitu kingine. Ule mradi wa baharini haukuzaliwa kwenye kampuni kubwa. Ulikuwa mradi wa utafiti wa fakulte: shule ya uhandisi wa anga ya Chuo Kikuu cha Roma, chini ya profesa mmoja, Luigi Broglio. Ni kweli jeshi la anga la Italia lilisaidia, serikali yao ikatoa pesa, na Wamarekani wakatoa roketi. Lakini swali lenyewe lilitoka kwa mwalimu na wanafunzi wake. Na swali ndilo ninalotaka tuangalie.

SWALI LA PROFESA

Broglio alizaliwa mwaka 1911 kule Mestre, karibu na Venezia. Alikuwa injinia, alikuwa ofisa wa jeshi la anga, na baadaye akaongoza hiyo shule ya Roma. Mwaka 1961 timu yake ilianza na vitu vidogo. Kwenye kisiwa cha Sardinia walirusha roketi ndogo zilizomwaga wingu la sodiamu kule juu sana. Watu waliobaki chini waliangalia namna upepo ulivyolisukuma lile wingu, wakapiga hesabu. Ndivyo walivyopima upepo wa fasi ambayo hakuna mtu angeweza kupanda.

Kisha likaja swali lenyewe: kule juu, kilomita mia mbili na zaidi, hewa ina uzito gani?

Usicheke. Sisi tunafikiri kule hakuna hewa. Iko, ila ni nyembamba sana sana. Panda pikipiki Mweso, mwambie motari apunguze mwendo: kifua chako hakisikii kitu. Mwambie akimbize: hewa ile ile inakupiga kama mkono wa mtu. Sasa satelaiti iliyo karibu na dunia inakimbia zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde moja. Kwa mwendo huo, hata hewa nyembamba inasukuma. Inapunguza mwendo wa satelaiti polepole mpaka inashuka na kuungua. Mtu asiyejua uzito wa hewa ya kule hawezi kujua satelaiti yake itaanguka lini.

Namna ya Broglio ya kupima ilikuwa rahisi kueleza. Satelaiti ilikuwa mpira. Ganda la nje lilikuwa jepesi, na ndani kulikuwa na mwili mzito, vikiunganishwa na vyuma vinavyopinda kidogo kama springi. Hewa inasukuma ganda, lakini mwili wa ndani haiugusi, nao unataka kuendelea na safari yake. Ganda linachelewa kidogo kabisa. Hicho "kidogo kabisa" ndicho kinachopimwa. Mpaka leo wanaita kifaa hicho mizani ya Broglio.

Tarehe 15 Desemba 1964, San Marco 1, mpira wa kilo karibu 115, ilirushwa kutoka Wallops, Virginia. Roketi ilikuwa Scout ya Marekani, lakini satelaiti ilitengenezwa na Waitalia, na walioirusha walikuwa Waitalia, baada ya kufundishwa huko huko Marekani. Wakati ule, nchi ambazo watu wao waliwahi kurusha satelaiti yao wenyewe zilikuwa mbili tu, Muungano wa Kisovieti na Marekani. Fakulte moja ya Roma ikaingiza nchi yake kwenye hesabu hiyo.

KWA NINI NGOMENI, NA KWA NINI SI KITSHANGA

Hapa wapenzi wa jiografia wafungue macho. Dunia inazunguka. Mtu aliye kwenye ikweta anabebwa kuelekea mashariki kwa karibu kilomita 1,670 kwa saa, hata kama amelala kitandani. Aliye Florida, kule Wamarekani wanakorushia roketi zao kubwa, anabebwa kwa karibu 1,470. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki inapewa mwendo huo bure. Scout ilikuwa roketi ndogo, kwa hiyo kila zawadi ilihesabiwa. Tena, mtu anayetaka satelaiti izunguke juu ya ikweta yenyewe lazima arushe kutoka karibu na ikweta. Akirusha kutoka mbali, atachoma mafuta mengi kugeuza njia.

Ngomeni iko karibu digrii 3 kusini mwa ikweta. Sasa chukua ramani uangalie Kitshanga. Sisi tuko digrii 1 na kidogo! Kwa hesabu ya darasani tunashinda Ngomeni. Rafiki yangu mmoja wa fizikia alisema: "Bon, basi tuombe roketi zije huku." Nikamuuliza vipande vya roketi vikiisha kuungua vitaanguka wapi. Mashariki mwetu kuna Rutshuru, halafu Uganda, watu kila fasi, mashamba kila fasi. Mashariki mwa Ngomeni kuna Bahari ya Hindi, maji matupu. Ndiyo sababu.

Broglio hakujenga kituo kipya chenye minara. Jukwaa la kuongozea kazi, Santa Rita, lilikuwa jukwaa la zamani la kuchimbia mafuta. Jukwaa la kurushia, San Marco, ni gati la chuma lenye miguu inayosimama kwenye sakafu ya bahari. Yote mawili yaliletwa kwa njia ya maji. Roketi ndogo za majaribio zilianza kuruka pale mwaka 1964, Kenya ikiwa haijamaliza hata mwaka mmoja na nusu wa uhuru wake. Tarehe 26 Aprili 1967 ikaruka San Marco 2, satelaiti ya kwanza duniani kurushwa kutoka jukwaa la baharini. Ilizunguka karibu na ikweta, ikapima hewa, na hewa ile ile ikaishusha mwezi wa Oktoba mwaka huo huo.

Mimi napenda hapo. Kifaa kinapima kile ambacho mwishoni kitakiua, na kinaendelea kutuma namba.

SIKUKUU YA WATU WENGINE

Sasa turudi kwa Uhuru. Miale ya eks ni ile wanayotumia hospitali kukupiga radio ya mfupa. Nyota nyingine zinaitoa, lakini hewa yetu inaizuia isifike chini, na ni bahati yetu, juu bila hivyo tungeungua. Anayetaka kuiona lazima apande juu ya hewa. Kabla ya 1970 walitumia roketi zilizochungulia dakika chache tu na kuanguka. Uhuru ilikuwa satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi hiyo moja tu. Haikufika hata kilo 150. Riccardo Giacconi, Mwitalia aliyekuwa akifanya kazi Marekani, ndiye aliyeongoza sayansi yake. Marjorie Townsend, injinia Mmarekani, ndiye aliyesimamia mradi wake kule NASA. Na watu wa Broglio ndio walioirusha.

Walitaka Ngomeni kwa ajili ya ikweta. Njia ya ikweta inakwepa kwa sehemu kubwa fasi moja juu ya Atlantiki ya kusini ambako chembe zenye nguvu zinashuka karibu na dunia na kuvuruga vipimo. Siku iliyoruka ilikuwa 12 Desemba, Kenya ikisherehekea miaka 7 ya uhuru. Ndipo satelaiti ikapewa jina hilo, kwa heshima ya nchi iliyowakaribisha.

Ilifanya kazi mpaka mwaka 1973. Iliona kwamba chanzo kinachoitwa Cygnus X-1 kinawakawaka haraka mno, kwa hiyo lazima kiwe kitu kidogo kwa umbo. Hiyo ilikuwa hatua moja kubwa ya kufanya watu wakubali kwamba mashimo meusi yapo kweli, si ya kwenye karatasi tu. Mwaka 2002 Giacconi alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Jukwaa liliendelea. Kati ya 1967 na 1988, satelaiti 9 ziliruka kutoka Ngomeni, zote kwa Scout. Ya mwisho ilikuwa San Marco 5, tarehe 25 Machi 1988.

Sasa hesabu niliyofanya mwenyewe, kwenye karatasi, usiku umeme ukiwa umekatika. Nilichukua hizo 9 nikazipanga kwa mwenyewe. Za Italia: 4. Za Marekani: 4. Ya Uingereza: 1. Za Kenya: hakuna.

Jina lilikuwa Uhuru. Bahari ilikuwa ya Kenya, ikweta ilikuwa ya Kenya, na sikukuu ilikuwa ya Kenya. Namba zilizoshuka kutoka juu zilikwenda kwingine.

Sisemi hivi ili tuwatukane Waitalia. Ukweli lazima usemwe wote, na ukweli uko na sehemu ya pili. Kituo hakikufa. Antena za nchi kavu zinaendelea kufuatilia satelaiti mpaka leo, na kituo kinaitwa jina la Broglio, aliyefariki mwaka 2001. Mikataba kati ya nchi hizo mbili ilijadiliwa tena, na ule uliosainiwa mwaka 2016 unaongea juu ya mafunzo na juu ya Kenya kupata data. Mwaka 2017 Kenya ikaunda shirika lake la anga. Na tarehe 11 Mei 2018 satelaiti ya kwanza ya Kenya ikaachiliwa angani kutoka sehemu ya Wajapani ya kituo cha kimataifa. Inaitwa 1KUNS-PF. Ni kisanduku cha sentimita 10 kila upande. Unaweza kukishika kwa mkono mmoja. Nani alikitengeneza? Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Roma, kile kile cha Broglio. Tena fakulte.

Kutoka Uhuru mpaka kisanduku hicho ilipita miaka 47 na miezi. Mtoto aliyezaliwa siku Uhuru inaruka alikuwa tayari anaweza kuitwa babu.

KWETU CONGO

Mutaniuliza: sisi je? Sisi tulikuwa na nafasi, na mapema.

Mwezi wa Juni 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru wetu, Chuo Kikuu cha Lovanium kule Kinshasa kiliwasha kinu cha nyuklia cha utafiti, cha kwanza Afrika nzima. Kilikuwa kidogo, cha kufundishia na kutafiti. Mwaka 1972 cha pili, chenye nguvu zaidi, kikaanza kazi. Hicho cha pili kilizimwa mwaka 2004. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba sayansi kubwa si ya nchi hii. Ilikuwako, kwenye kampasi, na watu wetu waliisomea. Kazi ya namna hiyo inataka kulishwa kila mwaka kama ng'ombe wa kule Masisi: vipuri, mishahara, wanafunzi wapya. Ukiacha kuilisha haikufokei. Inakonda tu.

Mfano wa pili ni wa roketi. Mwaka 1976 Mobutu alisaini mkataba na kampuni ya Ujerumani Magharibi iliyoitwa OTRAG, akaipa eneo la Shaba la karibu kilomita za mraba 100,000. Nord-Kivu nzima haifiki 60,000! Kampuni ilijaribu roketi mara tatu, mwaka 1977 na 1978. Majirani na mataifa makubwa wakaanza kulalamika, na mwaka 1979 Mobutu akafunga. Basi. Jukwaa la Ngomeni lilizaa shule na mkataba mpya na kisanduku cha sentimita 10, ijapokuwa kwa kuchelewa. Lile la Shaba lilikuwa kampuni na rais. Katikati yao hakukuwa fakulte, na kampuni ilipofukuzwa, hakukuwa mwanafunzi wa kuendeleza.

Kwa hiyo nilifika kwenye wazo langu, na nilifikiri ndilo nitakaloandika hapa: kwamba kinachobaki baada ya mradi ni kile kilichoingia kwa watu waliokaa kwenye meza ya namba. Nilikuwa tayari kufunga makala kwa kulaumu wageni. Halafu nikakumbuka daftari langu, na makala ikageuka.

DAFTARI LANGU

Mwaka 2018 walikuja kwetu watafiti wa chuo kimoja cha ng'ambo. Sitakitaja. Walikuwa wakichunguza maporomoko ya udongo kwenye vilima vya Bashali, zile fasi ambazo mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, shamba linashuka na mihogo yake. Walihitaji kijana wa kuwaonyesha njia na kubaki akisoma vipima mvua. Walinichagua mimi.

Kazi ilikuwa hivi: vipima mvua vitatu, kwenye nyumba tatu, kila asubuhi saa moja. Unasoma milimita, unaandika kwenye daftari kwa biki, unamwaga maji, unarudisha. Mama mmoja mwenye nyumba aliniuliza kila siku: "Mwana yangu, mvua inapimwaka? Mvua inanyeshaka tu." Lakini ndiye aliyekuwa akifukuza watoto na kuku wasiguse kipimo.

Nilifanya hivyo miezi 14. Walinilipa vizuri, sina la kusema juu ya pesa. Mwishoni walichukua madaftari yote na kuahidi kutuma matokeo. Hayakuja. Na mimi, nikiwa na telefone mfukoni yenye kamera, sikupiga picha hata ukurasa mmoja. Haikunijia kichwani. Nilifikiri namba ni zao, maana daftari lilikuwa lao na biki ilikuwa yao.

Baadaye nilifika mwaka wa TFC. Mada yangu? Maporomoko ya udongo Kitshanga. Nilihitaji mvua. Sikuwa nayo. Nikachukua mvua ya Goma kutoka TFC ya mwenzangu, ambaye aliichukua kwa mwenzake. Siku ya kutetea, mwalimu mmoja wa jopo aliinua kichwa akauliza:

"Udongo huu ni wa wapi?"

"Wa Kitshanga, mwalimu."

"Na mvua hii?"

"Ya Goma, mwalimu."

"Kwa hiyo mvua inanyesha Goma, udongo unaanguka Kitshanga."

Oditwari nzima ilicheka. Nilipita, lakini kicheko kile ninakisikia mpaka sasa.

Halafu ikaja Januari 2023. Munajua wenyewe, sitaeleza vita hapa. Watu wa Kitshanga waliondoka na walichoweza kubeba kichwani na mgongoni, na hakuna aliyebeba TFC. Zile kazi za wakubwa wetu tulizokuwa tumekusanya kwenye kabati moja, za kilimo, za afya, za historia ya familia za Mokoto, hatujui ziko wapi. Zile nyumba tatu za vipima mvua, mbili sijui habari zake. Yule mama yuko hai, namshukuru Mungu, alikuwa kambini karibu na Goma.

Mwaka huo ndipo nilianza kusoma habari za Ngomeni, na hasira ikanipanda: namba zetu ziko Ulaya! Nikatafuta anwani ya mmoja wa wale watafiti, nikamwandikia mistari mitatu mikali.

Alijibu baada ya siku mbili. Aliomba msamaha, kwa upole, akatuma faili nzima. Miezi 14, nyumba tatu, kila siku. Safi, imepangwa, bila kosa la kunakili hata moja. Kama madaftari yale yangebaki kwangu, yangekuwa yamepotea Januari 2023 pamoja na kitanda na sufuria. Huo ni ukweli wa kwanza, na ulinichoma.

Wa pili ulinichoma zaidi. Faili ilikuwa na safu ya jina la aliyesoma kipimo. Kwenye safu hiyo, kila siku, kwa miezi 14, kulikuwa kumeandikwa neno moja tu, "mwenyeji". Nilikuwa tayari kuandika barua nyingine ya hasira. Nikaanza kushuka kwenye safu ya mvua, mwezi kwa mwezi, mpaka nikafika Novemba. Hapo kuna sifuri sita zikifuatana. Siku sita bila tone la mvua, mwezi wa Novemba, kwetu?

Nilikumbuka. Nilikuwa na malaria. Nililala siku sita, nikisikia mvua kwenye mabati juu ya kichwa changu. Nilipoamka niliogopa kukatwa pesa, nikaandika sifuri mara sita kwa nyumba tatu. Sikuandika "sikusoma". Niliandika kwamba mvua haikunyesha.

Ndugu zangu, hizo sifuri zilikuwa zimetumika. Mtu alizichora kwenye grafu. Labda mtu aliandika kwamba udongo wa kilima fulani uliporomoka bila mvua kubwa, akatafuta sababu nyingine. Nilikuwa nikidai jina langu liandikwe kando ya namba, na namba yenyewe ilikuwa uongo wangu.

Hapo nikaelewa Broglio vizuri zaidi. Mizani yake ilipima ganda lililochelewa kidogo kabisa. Kama mtu mmoja kwenye timu angejaza namba za kukisia siku kifaa kilipokaa kimya, satelaiti nzima ingekuwa mpira tu. Kukaa kwenye meza ya namba si heshima peke yake. Ni kukubali kuulizwa. Mwenyeji asiye na jina haulizwi, ndiyo maana ni rahisi kuandika sifuri. Wale waliofuta jina langu walikosea, na mimi nilikosea. Na makosa hayo mawili ni ndugu.

SASA MADA YA TFC

Niliahidi, basi nitimize. Kwa wadogo zangu mnaoanza mwaka huu:

Kwanza, chagua swali ambalo unaweza kulipima wewe mwenyewe, kwa mkono wako, hata kama ni dogo. Bei ya maharagwe kila siku ya soko kwa miezi sita. Idadi ya wagonjwa wa kuhara kabla na baada ya chemchemi kutengenezwa. Milimita za mvua kwenye kopo lililonyooka pande zote na rula. Fakulte ya Roma ilianza na wingu la sodiamu. Hakuna aibu kuanza na kopo.

Pili, ukifanya kazi kwenye mradi wa mtu mwingine, fanya kwa moyo, lakini kabla ya siku ya kwanza uliza maswali matatu: namba zitakaa wapi, nitapata nakala lini, na jina langu litaandikwa fasi gani. Kenya walihitaji miaka karibu 50 na mikataba kadhaa kufika hapo. Wewe unaweza kuuliza asubuhi moja, kwa heshima, kabla ya kushika biki.

Tatu, piga picha kila ukurasa, jioni ile ile, utume kwa watu wawili walio miji miwili tofauti. Sisi tunajua kwa nini.

Nne, siku usiyopima, acha nafasi wazi. Nafasi wazi si aibu.

Association imekubali tuanze kukusanya tena zile kazi za wakubwa wetu, kama kuna mwenye nakala hata kwenye telefone ya zamani. Nitumieni, nitazipanga. Hata nusu, hata kurasa kumi.

Na faili yangu? Nilimwandikia tena yule mtafiti. Barua hiyo ilinichukua wiki nzima, ijapokuwa ilikuwa fupi kuliko ile ya hasira. Nilimweleza juu ya Novemba, juu ya malaria na zile sifuri sita. Nilifikiri atakaa kimya. Alijibu kesho yake. Amezitoa, ameacha nafasi wazi, na atawaambia wenzake waliozitumia. Halafu akauliza jina langu linaandikwa namna gani, herufi kwa herufi, ili aliweke kwenye ile safu.

Nimemtumia. Na nimemtumia pia jina la yule mama wa kuku.